Mwanagenzi katika Tamthilia ya Nyimbo: Mfano wa Kamĩrĩĩthũ

Tamthilia ya nyimbo humtisha mwanagenzi kuliko tamthilia ya kawaida, na si bila sababu. Katika mchezo wa mazungumzo matupu, anayeanza hukabiliwa na mambo mawili: maneno ya kukariri, na mwili usiojua usimame wapi. Katika tamthilia ya nyimbo huongezewa sauti na ngoma, na yote manne hudaiwa kwa wakati mmoja mbele ya hadhira. Ndiposa wengi hufika hadi mlangoni pa ukumbi wa mazoezi, wakasikiliza kidogo, kisha wakarudi zao wakijiambia kuwa hiyo ni kazi ya waliozaliwa na kipawa.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba dhana hiyo inaanzia mahali pasipofaa. Huuliza mwanagenzi anakosa nini, badala ya kuuliza anakuja na nini. Mfano utakaotumiwa ni ule wa Kamĩrĩĩthũ, kijiji kilichoko Limuru, ambako mwaka wa 1977 wakulima na wafanyakazi, wengi wao wakiwa hawajawahi kupanda jukwaani, waliigiza tamthilia ya Kigĩkũyũ iitwayo *Ngaahika Ndeenda*. Wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu kwa jina la *Nitaolewa Nikipenda*, tafsiri iliyochapishwa mwaka wa 1982.

Mambo hayakuanza na tamthilia. Mwaka wa 1976 mwanamke mmoja wa kijiji hicho alimwendea Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa akiongoza Idara ya Fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akamwomba akigawie kijiji sehemu ya elimu yake. Alirudi Jumapili baada ya Jumapili hadi akakubaliwa. Kilichofuata ni madarasa ya watu wazima katika kituo cha kijiji, na miongoni mwa viongozi wake alikuwamo Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Waliojifunza kusoma walihitaji kitu cha kusoma na jambo la kufanya pamoja. Hapo ndipo Ngũgĩ hao wawili walipopewa jukumu la kuandaa rasimu ya mchezo, naye Kĩmani Gecaũ akawa mwelekezi.

Hadithi yenyewe haikuwa ngeni kwa walioombwa kuiigiza. Kĩgũũnda, kibarua mwenye ekari moja na nusu tu, anashawishiwa na tajiri Ahab Kĩoi afunge ndoa ya kanisani. Anachukua mkopo kwa kuweka hati ya shamba rehani, na shamba linampotea. Kijijini palikuwa na watu waliofanya kazi katika mashamba ya chai na katika kiwanda cha viatu cha Bata. Mshahara usiokidhi haja na ardhi iliyochukuliwa havikuwa mambo ya kusimuliwa na mwelekezi. Waliyajua kwa migongo yao.

Rasimu iliposomwa hadharani, waliohudhuria waliichambua bila kuona haya. Walisema kwamba mzee hawezi kuzungumza kama alivyoandikiwa. Mzee akitaka kuheshimiwa hana budi kutumia methali fulani na kwa namna fulani. Msamiati wa kijana haukuwa wa ajuza, na lugha ya kiwandani haikuwa ya shambani. Ni wahadhiri wachache wanaofurahia kusahihishwa mbele ya kadamnasi, lakini hawa walisahihishwa, na mchezo ukanawiri. Ilivyokuwa kwa lugha ndivyo ilivyokuwa kwa nyimbo. Katika sherehe ya ndoa ya kimila mna gĩtiiro, majibizano ya kuimbwa yenye kanuni zake. Waliozijua kanuni hizo hawakuwa chuoni bali kijijini, hasa wanawake wakongwe, nao wakawa walimu. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyedhaniwa kuwa mwanagenzi wa jukwaa alikuwa gwiji wa kile ambacho jukwaa lilikihitaji.

Haimaanishi kwamba hapakuwa na la kujifunza. Kuimba harusini ukiwa umezungukwa na jamaa ni jambo moja, na kuimbia umati ulioketi mbali ni jambo jingine. Sauti hutakiwa isukumwe kutoka tumboni, si kooni, la sivyo huchakaa kabla ya onyesho kwisha. Mwigizaji hujifunza pia kusubiri: asiingie mapema kwa hofu, wala asichelewe kwa kushangaa wenzake. Pengine jambo gumu kuliko yote ni kuendelea kuwa mhusika pale ambapo hana neno la kusema.

Hapa ndipo utanzu huu, kwa vitisho vyake vyote, unapogeuka kuwa mpole kwa anayeanza. Katika tamthilia ya mazungumzo, anayesahau neno huachwa peke yake na kimya chake. Katika tamthilia ya nyimbo kuna waitikiaji. Mwanagenzi akiwekwa katikati ya kundi la waitikiaji hubebwa na sauti za kulia na kushoto. Mdundo humkumbusha mguu uende wapi, na kibwagizo, kwa kuwa hurudiarudia, humpa fursa ya kurekebisha katika duru ya pili alichokosea katika ya kwanza. Aidha, wimbo hukaririka kwa sikio. Aliyejifunza kusoma ukubwani, na hata asiyejua kusoma kabisa, haachwi nyuma na mwenye shahada.

Jambo jingine lililowasaidia wanagenzi wa Kamĩrĩĩthũ ni kwamba mazoezi hayakufichwa. Yalifanyika mahali pa wazi, na wapitanjia wakasimama kutazama. Kosa likifanywa, lilifanywa mbele ya majirani, likachekwa, likarekebishwa siku hiyo hiyo. Watazamaji nao wakaishia kujua nyimbo na maneno kabla ya siku ya kwanza ya onyesho, kiasi kwamba mpaka kati ya mwigizaji na hadhira ulififia. Ukumbi wenyewe ulikuwa kazi ya mikono yao. Ramani yake ilipangwa kwanza kwa njiti za kiberiti ardhini, kisha wakajenga jukwaa la wazi lenye viti vya watu zaidi ya 2,000. Vyama vingi vya drama vyuoni hufunga mlango wakati wa mazoezi, vikidai kumlinda anayeanza dhidi ya aibu. Yamkini humnyima dawa yake.

Onyesho la kwanza lilifanyika Jumapili, tarehe 2 Oktoba 1977, na umati ukazidi kuongezeka kila Jumapili. Tarehe 16 Novemba serikali iliondoa kibali. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, akakaa huko hadi Desemba 1978. Ni vigumu kuamini kwamba hatua hizo zilichochewa na maneno ya mchezo peke yake, kwani mwandishi huyo alikuwa amechapisha riwaya ya *Petals of Blood* mwaka uo huo, na riwaya hiyo haikupigwa marufuku. Kilichotisha zaidi ni nani aliyeyatamka maneno hayo na kwa lugha ipi: kibarua amesimama wima, anaimba kuhusu mshahara wake mbele ya vibarua wenzake.

Kundi hilo halikusambaratika mara moja. Lilirejea na mchezo mwingine, *Maitũ Njugĩra*, uliokusanya nyimbo za jamii mbalimbali za Kenya. Mapema mwaka wa 1982 lilinyimwa nafasi ya kuigiza katika Jumba la Kitaifa la Maonyesho jijini Nairobi, likahamia Chuo Kikuu cha Nairobi na kufanya mazoezi ya wazi yaliyofurika watu hadi nayo yakakomeshwa. Machi mwaka huo, polisi walibomoa jukwaa la Kamĩrĩĩthũ.

Mbao zilizong'olewa hazikurudishwa. Hata hivyo, Mei 2022 *Ngaahika Ndeenda* ilichezwa katika Jumba la Kitaifa la Maonyesho, kwa Kigĩkũyũ na kwa Kiingereza, miaka mitatu kabla ya kifo cha Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki tarehe 28 Mei 2025. Safari hii watu walinunua tiketi na kuketi wakiitazama gizani. Wazee waliokuwa vijana Limuru mwaka wa 1977 wangaliweza kuitikia vibwagizo bila kufunzwa na yeyote.