Udongo wa Jabal Akhdar: leza inaona nini baada ya mvua?

Mvua ikishuka Oman sote hutazama wadi. Gonu ya mwaka 2007 na Shaheen ya 2021 tunazikumbuka kwa magari yaliyozolewa na nyumba zilizojaa matope. Mimi kazi yangu ni upimaji wa ardhi, kwa hiyo hutazama zaidi kule juu yanakotoka matope.

Chukua mashamba ya ngazi ya Jabal Akhdar, katika vijiji vya Al Ayn, Al Aqr na Ash Shurayjah, kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari. Yale makomamanga, na mawaridi tunayopatia marashi, hayakuota kwenye jabali tupu. Wazee walijenga kuta za mawe wakajaza udongo nyuma yake. Udongo huo ukienda, haurudi ila kwa mikono ya watu.

Tabu ni kuwa huondoka kidogo kidogo, jicho halioni. Tone kubwa la mvua hufika chini kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde, likapasua donge, na chembe zake zikateremka na maji. Unene wa milimita 1 tu ukipotea katika hekta 1, zimekwenda mita 10 za ujazo, karibu tani 13.

Wapo wanaochomeka vijiti vya chuma na kupima vimechomoza kiasi gani. Ni njia rahisi, lakini kijiti hutoa habari ya pale kiliposimama tu. Skana ya leza husimama pembeni juu ya miguu mitatu, haigusi udongo. Hurusha mwanga na kuhesabu muda wa kwenda na kurudi: kwa umbali wa mita 15, ni sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Hurudia hivyo maelfu ya mara kila sekunde, mpaka kompyuta ipate sura ya mteremko mzima na vifereji vyake. Unapima kabla ya mvua, unapima baada yake, kisha unalinganisha. Lazima ziwepo alama zisizosogea, zilizofungwa kwenye mwamba. Bila hizo, milimita zako ni za kubuni.

Hapa wengi hudanganyika. Udongo uliolimwa karibuni ukinyeshewa hushindiliwa, ukakaa chini hata kama hakuna chembe iliyoondoka. Leza itaonyesha uso umeshuka, na mtu atatangaza hasara isiyokuwepo. Majani nayo huficha ardhi. Kwa maoni yangu chombo hiki cha ghali bado kinahitaji ndoo: kinga maji yanayotoka chini ya mteremko, yakauke, pima uzito wa udongo uliobaki. Vipimo viwili vikikubaliana, ndipo uamini.

Mwenye shamba kule, au mwenye mikarafuu yake kwenye vilima vya Pemba, hahitaji kungoja skana. Atafute vifereji vipya baada ya kila mvua. Na kwenye ngazi, aanze na ukuta wa juu uliobomoka, kwani maji yakipata mwanya pale, huziingia ngazi zote za chini.