Kubadilisha Opampu Kwenye Amplifaya ya Hedifoni: Je, Sauti Itabadilika?

FIZIKIA, KIDATO CHA NNE: ELEKTRONIKI

Chukua hali hii. Mwanafunzi anayeishi Mji Mkongwe, Unguja, ana amplifaya ndogo ya hedifoni iliyonunuliwa mtumba. Anaitumia kusikiliza taarabu iliyohamishwa kutoka kwenye kanda za nyumbani kwao. Siku hizi ganuni inasikika kama imefunikwa kitambaa, na upande mmoja wa hedifoni unakwaruza. Rafiki yake anamwambia: "Toa hiyo IC, tia nzuri, sauti itafunguka." Fedha aliyonayo inatosha IC moja tu. Je, anunue?

Opampu utaisoma kwa undani kidato cha tano na cha sita. Hapa tunaitumia kufanyia mazoezi mambo unayoyajua tayari: Sheria ya Ohm, umeme geu, unyooshaji wa umeme kwa dayodi, na jaribio la haki.

1. Opampu hufanya nini?

Opampu ni kikuzaji kilichojengwa kwa transista nyingi ndani ya IC moja. Ina milango miwili ya kuingizia, mmoja chanya na mwingine hasi, na mlango mmoja wa kutokea. Hukuza tofauti ya volteji iliyopo kati ya milango miwili ya kuingizia. Opampu ya NE5532, kwa mfano, huikuza tofauti hiyo mara 100,000 hivi.

Ukuzaji mkubwa kiasi hicho hautumiki ulivyo. Sehemu ya volteji ya kutokea hurudishwa kwenye mlango hasi kupitia rezista mbili. Huu huitwa mrejesho hasi. Ishara ikiingilia mlango chanya, kanuni ni:

Ukuzaji = 1 + R₂/R₁

Mfano wa 1. R₁ = 10 kΩ na R₂ = 20 kΩ. Volteji inayoingia ni 0.5 V. Tafuta volteji inayotoka.

Ukuzaji = 1 + 20/10 = 3
Volteji inayotoka = 3 × 0.5 V = 1.5 V

Zingatia: Katika kanuni hii hakuna jina la IC. Ukitoa NE5532 ukaweka TL072, volteji inayotoka itabaki 1.5 V, kwa sababu kipimo kimewekwa na rezista. Mtu anayesema IC mpya "imeongeza sauti" katika sakiti ya namna hii ana sababu nyingine ya kutafuta.

2. Mambo ambayo IC huyaamua

(a) Mkondo inaoweza kutoa.

Mfano wa 2. Volteji ya 1.5 V inaingia kwenye hedifoni ya 32 Ω. Tafuta mkondo na nguvu.

I = V/R = 1.5/32 = 0.047 A, yaani 47 mA
P = V²/R = 2.25/32 = 0.07 W, yaani 70 mW

Hata NE5532 ikiunganishwa moja kwa moja na ardhi, kwa kawaida hutoa takriban 38 mA tu. Hivyo haiwezi kuiendesha hedifoni hii peke yake kwa volteji hiyo. Vilele vya mawimbi vitakatwa na sauti itachakaa. Ndiyo maana amplifaya nyingi huwekewa transista za nguvu baada ya opampu. Kwa hedifoni ya 300 Ω, mkondo ni 1.5/300 = 5 mA tu, na IC ileile inamudu bila taabu.

(b) Wepesi wa volteji kupanda na kushuka. Kila opampu ina kikomo chake, kinachopimwa kwa volti kwa kila mikrosekunde. Thamani za kawaida ni hizi:

µA741: 0.5
NE5532: 9
TL072: 13
OPA2134: 20

Wepesi unaohitajika kwa wimbi laini ni 2πfV, ambapo f ni masafa na V ni kilele cha volteji.

Mfano wa 3. Sikio la binadamu husikia hadi 20,000 Hz hivi. Kilele cha volteji yetu ya 1.5 V ni 1.5 × 1.41 = 2.1 V.

Wepesi = 2 × 3.14 × 20,000 × 2.1 = 264,000 V/s, yaani 0.26 V kwa mikrosekunde

Opampu zote nne zinafaulu, hata µA741 iliyotoka mwaka 1968. Kilele kingekuwa 5 V, tungehitaji 0.63, na µA741 ingeshindwa. Kwa hiyo IC yenye 20 badala ya 9 haifanyi ganuni isikike mara mbili zaidi. Ukishavuka kiasi kinachohitajika, ziada haina kazi.

(c) Mvumo wake wenyewe. Kila opampu huongeza mvumo mdogo. TL072 ina mvumo mkubwa kuliko NE5532, na tofauti huonekana zaidi pale ishara inapokuwa dhaifu sana, kama inayotoka kwenye maikrofoni. Lakini IC haiwezi kuondoa kilichomo ndani ya rekodi. Sauti ya Siti binti Saad iliyorekodiwa Bombay mwaka 1928 imebeba mkwaruzo wa santuri. Opampu yoyote itaukuza mkwaruzo huo pamoja na sauti.

3. Opampu ndani ya kigeuzi cha dijitali

Sahani ya CD huhifadhi sauti kwa vipimo 44,100 kila sekunde kwa kila upande, na kila kipimo huchagua ngazi moja kati ya 65,536. Kigeuzi hugeuza namba hizo kuwa umeme. Vigeuzi vingi hutoa mkondo, si volteji. Opampu huupitisha mkondo huo kwenye rezista ya mrejesho na kupata volteji: mkondo wa 1 mA na rezista ya 2 kΩ hutoa 2 V.

Hapa mkondo hubadilika kwa kuruka ngazi hadi ngazi, si kwa wimbi laini. Kwa hiyo wepesi wa opampu una maana zaidi hapa kuliko kwenye amplifaya ya hedifoni. Hata hivyo, IC nyepesi mno katika sakiti isiyoandaliwa kwa ajili yake inaweza kuanza kutetema yenyewe kwa masafa yasiyosikika na kupata moto. Kapasita ya 0.1 µF karibu na miguu ya umeme hupunguza hatari hiyo.

4. Tafuta kosa kabla ya kununua

Ngurumo ya chini isiyokoma. Umeme wa nyumbani una masafa ya 50 Hz. Baada ya kunyooshwa na dayodi nne, mawimbi yanayobaki huwa ya 100 Hz. Ukisikia ngurumo hiyo, shuku kwanza kapasita ya kulainisha umeme, si opampu.

Mkwaruzo wa upande mmoja. Shuku viungo: waya, tundu la hedifoni, kitasa cha sauti, na soketi ya IC. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, navyo huharakisha kutu kwenye metali. Kutu huongeza ukinzani.

Sasa fikiri. Fundi akitoa IC ya zamani na kuchomeka mpya, miguu husugua soketi na kuondoa kutu. Sauti ikitengenea, imetengenezwa na nini: IC mpya au msuguo? Amebadilisha vitu viwili kwa mara moja, hivyo hawezi kujua. Jaribio la haki ni hili: zima, toa IC ya zamani, irudishe ileile, kisha sikiliza. Sauti ikirudi safi, IC haikuwa na kosa.

Ukitaka kulinganisha IC mbili, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti, kwani sauti kubwa kidogo hudhaniwa kuwa bora. Mwenzako abadilishe bila wewe kuona, mara 10. Anayebahatisha hupata takriban 5.

5. Tahadhari

Zima amplifaya, chomoa waya wa umeme, subiri kapasita zitoke chaji. Gusa metali iliyounganishwa na ardhi kabla ya kushika IC. Hakikisha alama ya upande mmoja wa IC imeelekea palepale: ukiigeuza, mguu wa 4 na wa 8 hubadilishana nafasi, umeme huingia kinyume na IC huungua. Usiweke µA741, yenye opampu moja, mahali pa NE5532, yenye mbili. Miguu yake haifanani kazi. Hakikisha pia volteji ya sakiti haizidi kikomo cha IC: kwa TL072 ya kawaida ni ±18 V.

Jibu la swali letu

Mwanafunzi asinunue kwanza. Achomoe na kurudisha IC ileile, kisha akague viungo na kapasita. Ganuni ikibaki hafifu pande zote mbili, asikilize kanda ileile kwenye chombo kingine. Huenda ufifiaji umo ndani ya rekodi. Anunue IC pale tu vipimo vitakapoonyesha kwamba ya zamani haikidhi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. R₁ = 5 kΩ, R₂ = 20 kΩ, volteji inayoingia 0.4 V. Tafuta inayotoka.
2. Tafuta mkondo na nguvu kwenye hedifoni ya 50 Ω kwa volteji ya swali la 1.
3. Eleza kwa nini kuchomeka IC mpya si jaribio la haki.

Majibu: 1. 2 V. 2. 40 mA; 80 mW. 3. Vitu viwili hubadilika pamoja: IC yenyewe na usafi wa viungo vya soketi.