Neno Moja la Kiingereza, Maana Nne

Mama zetu na dada zetu wa Malindi, Kilifi na vitongoji vyake, fomu nyingi za mikopo zinazotufikia huandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake hukaa neno "interest". Neno hili lina sura nyingi. Mwanafunzi mwenye "interest" katika somo ana hamu nalo. Mshirika mwenye "interest" katika jahazi ana sehemu yake humo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inapolitumia kwa mtoto, hukusudia maslahi yake. Lakini likiandikwa kwenye mkopo wa fedha, maana yake ni riba.

Hatari ni pale mfasiri anapolipamba kwa jina la faida. Faida ni chumo la biashara: mtu huinunua bidhaa, akaimiliki, akabeba hatari ya hasara yake, kisha akaiuza. Riba ni ziada iliyoshurutishwa juu ya fedha zilizokopeshwa. Qur'ani Tukufu, Suratul Baqara aya ya 275, imehalalisha biashara na kuharamisha riba. Na aya hiyo hiyo inawataja waliodai kwamba mawili hayo ni sawa.

Basi kabla ya kutia sahihi, ulizeni: ninauziwa kitu, au ninakopeshwa fedha kwa sharti la kuzirudisha na ziada? Jibu likiwa la pili, hata ziada hiyo ikiitwa faida au shukrani, ni riba. Jina halibadilishi hukumu.

Wabillahi tawfiq.