Kusoma sayansi ya mbegu mtandaoni: inawezekana, ila kwa nani?

Maafisa ugani wenzangu wananiuliza sana kama sayansi ya mbegu inasomeka mtandaoni. Ndiyo, inasomeka. Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, kina shahada ya uzamili ya teknolojia na biashara ya mbegu, unasoma ukiwa kazini kwako. Ila ni uzamili, kwa hiyo digrii ya kwanza lazima. Sisi wa diploma, ambao ndio tunaitwa shambani mbegu ikigoma kuota, tunabaki mlangoni.

Vyuo vyetu vikitengeneza kozi kama hiyo, nadharia haitawasumbua. Chukua kanuni ya Harrington: ukipunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia 1, maisha yake ghalani yanakaribia kuongezeka maradufu, ukishusha joto la ghala kwa nyuzi 5, vivyo hivyo. Hilo unalielewa hata kwa sauti ya WhatsApp, tena bando halikatiki kama kwenye zile video za saa nzima.

Kazi iko kwenye vitendo. Kipimo cha uotaji cha kimataifa hutumia punje 400, na mahindi huhesabiwa siku ya 4 na ya 7. Mwanafunzi wa Kongwa hana chumba cha kudhibiti joto, lakini mchanga safi na beseni anavyo. Apande punje 100 mara nne, apige picha, atume. Mwalimu amuulize: huu mche ni mzima au una kasoro? Maana kuchomoza tu hakutoshi, mche uliooza au kudumaa hauhesabiwi kama umeota. Darasa zima litabishana hapo, na ndiko kujifunza.

Kipimo cha tetrazoliamu ni habari nyingine. Unakata punje, unaloweka kwenye dawa, sehemu iliyo hai inageuka nyekundu. Kuusoma wekundu ule kunataka mtu mzoefu akae pembeni yako. Kwa hilo waitwe maabara wiki mbili. Morogoro panafaa, SUA ipo pale na makao makuu ya TOSCI yapo pale pale. Na waanzie ngazi ya diploma, kwa Kiswahili.

Wewe mkulima usisubiri kozi. Kabla ya kupanda, fukia punje 100 za mahindi kwenye mchanga wenye unyevu, siku ya 7 hesabu miche mizima. Ukipata 70, ongeza mbegu shimoni au tafuta nyingine mapema, mvua haijaanza.