“Betri imeisha”: betri ipi?
Kipakatalishi, jina lililotokana na kupakata, mara nyingi huwa na betri mbili: kubwa inayochajiwa, na ndogo mfano wa sarafu, ya volti 3, inayotunza saa na mipangilio ya kuwashia. Hii ndogo ikichoka, saa hurudi nyuma miaka kadhaa, na ujumbe wa hitilafu hutokea kabla mfumo endeshi haujaanza. Mfasiri akiandika “betri imeisha” tu, msomaji atachaji usiku kucha bila faida, au atanunua betri kubwa asiyoihitaji. Kitenzi “kuisha” hudokeza chaji itakayorudi. Napendekeza “betri ya saa imechoka”. “Imekufa”, ingawa ni la mtaani, halipotoshi. Alama CR2032, ikiwapo, isiguswe: 20 ni kipenyo kwa milimita, 32 ni unene wa milimita 3.2.