Asilimia 100 ya Nini?

Kompyuta mpakato ya miaka minne imechajiwa usiku kucha. Asubuhi inaonyesha asilimia 100, na kabla ya chai ya saa nne imeshazima. Mwenyewe anashuku kirusi, au fundi wa mwisho aliyeifungua. Mara nyingi wote wawili hawana hatia. Namba ile ya pembeni mwa kioo haisemi uongo, ila hupima chaji dhidi ya uwezo ambao betri inao leo, si ule iliotoka nao kiwandani. Tangi lililojaa tope hadi nusu nalo hufurika likijazwa maji.

Betri hizi ni za lithiamu, aina ambayo Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991, na ambayo mwaka 2019 iliwapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobeli ya Kemia. Unapochaji, ioni za lithiamu hutoka upande chanya, hupita katika kimiminika na kujipenyeza kati ya matabaka ya grafiti upande hasi. Unapotumia, hurudi zilikotoka. Chaji za mwanzo kabisa, kiwandani, huacha utando mwembamba juu ya grafiti, nao ni wa lazima: usingekuwepo, kimiminika kingeendelea kuharibika kwa kasi. Shida ni kwamba utando huo hauachi kukua. Kila unapoongezeka hunasa lithiamu kidogo ambayo hairudi tena kazini, na hakuna njia ya kuongeza nyingine humo ndani. Sehemu kubwa ya uwezo unaopotea huishia hapo. Hata betri iliyolala dukani ndani ya boksi lake huzeeka, japo polepole.

Kinachoharakisha uzee huo kwanza ni joto, na watu wa Dar es Salaam na Mombasa hawana pa kulikimbia. Lakini kuna joto la kujitakia: kompyuta iliyoachwa kwenye gari lililoegeshwa juani, au inayofanya kazi juu ya godoro huku matundu yake ya hewa yamezibwa. Cha pili ni betri kukaa imejaa muda mrefu. Seli iliyojaa huwa na volti 4.2 hivi au zaidi kidogo, na katika kiwango hicho kemikali zake hazitulii. Ndiyo maana kompyuta nyingi za Lenovo, Asus na Dell zina mpangilio wa kusimamisha chaji karibu na asilimia 80. Kama yako hushinda mezani imechomekwa kwenye umeme, uwashe. Kama unaishi mtaa ambao umeme hukatika ovyo, mimi nisingejisumbua. Chaji ya kumalizia kazi leo ina thamani kuliko miezi michache ya uhai wa betri.

Ule ushauri wa kuacha chaji iishe kabisa ndipo uchaji ulizihusu betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Ukifanya hivyo kwa lithiamu kila siku, unaichosha bure.

Kujua hali ya betri hakuhitaji fundi. Kwenye Windows, fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotengenezwa. Tafuta namba mbili: "Design capacity", yaani uwezo wa kiwandani, na "Full charge capacity", uwezo wa sasa. Tuseme ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 41,000: betri imebaki na asilimia 82. Ripoti ikitaja pia mizunguko, fahamu kwamba kutumia nusu ya chaji leo na nusu kesho ni mzunguko mmoja. Apple husema betri za MacBook za kisasa zimeundwa kubaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 1,000. Nyingi za bei nafuu hufika hapo kati ya 300 na 500. Usishtuke namba ikipanda au kushuka kidogo wiki hadi wiki, maana ni makadirio ya chipu iliyomo kwenye betri.

Na kwa kuwa ni chipu inayosema, anayenunua kompyuta ya mtumba asiiamini peke yake. Betri bandia huweza kutangaza afya isiyo nayo. Chomoa chaja palepale dukani, cheza video, uone asilimia zinavyoshuka. Ikizima ghafla ikiwa bado kwenye 30, seli zimechoka, hata ripoti ingesema vipi.

Kuvimba ni habari nyingine kabisa. Kitako kikianza kuyumba mezani, au sehemu ya kupapasia kidole ikainuka, gesi imejaa ndani ya seli. Zima, usichaji tena, mpelekee fundi aitoe. Wala asiitoboe ili gesi itoke, kama baadhi yao wanavyofanya. Ndivyo moto unavyoanza.