Kuunda Ndai ya Kujiendesha Si Noma, Ngori Ni Kuisimamisha

Tuseme wewe na wasee wako watatu wa injinia mmekodi keja Huruma, hapa Eldoret. Wikendi mnasaka mota mbili, betri, Arduino na sensa ya kupima umbali. Kufika Jumapili jioni mko na kandai kadogo kanajitembeza kwa ploti bila mtu kushika rimoti. Mnapiga video, mnapost, wasee wanasema mko juu. Halafu mtoi wa jirani anakimbilia mpira, anaingia mbele yake.

Hapo ndio mtajua mliunda nini. Kutembea ni rahisi. Kusimama ndio wasee wengi huruka, na leo tunakuchambulia mos mos.

Anza na hesabu, haiumi. Chukua ndai yenu inaenda mita 3 kwa sekunde, hiyo ni kama kilomita 11 kwa saa, mwendo wa msee anajogi polepole. Ile sensa ya sauti ya HC-SR04 huona mpaka kama mita 4, na inafaa upumzishe milisekunde 60 hivi kati ya kipimo na kipimo. Mkichukua vipimo vitatu ndio muwe sure si uongo, kisha programu ifikirie kidogo, sekunde 0.2 zimeenda. Ndai imesonga sentimita 60 kabla breki ishike hata kidogo.

Sasa breki. Tuchukulie kwa simiti kavu inapunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde, kila sekunde. Itahitaji sentimita 90 zingine. Jumla mita 1.5. Uko sawa. Lakini mvua ya Eldoret unaijua. Simiti ikilowa, nguvu ya breki ikipungua nusu, jumla inakuwa mita 2.4. Na mkijiskia muongeze mwendo mara mbili, mita 6 kwa sekunde, hata kwa simiti kavu mnahitaji mita 4.8. Sensa inaona 4. Mtoi ameshagongwa na hesabu ilikuwa inasema hivo toka mwanzo. Shika hii: mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa breki unakuwa mara nne.

Sasa njia zenyewe. Ziko nne, na kila moja ina vile hufeli.

Ya kwanza ni kukata moto. Unanyima mota stima, ndai inateleza mpaka ichoke. Kwa draiva ya L298N ni kuzima tu pini ya Enable. Rahisi, lakini hiyo ni nyutro, buda. Kama umewahi toka Eldoret kwenda Nakuru unajua Salgaa. Kwa miaka mingi hapo pametajwa kama pahali hatari, na sababu moja ni madereva wa lori kuweka nyutro kwa mteremko ndio waokoe mafuta. Ndai yako kwa mteremko ikikatwa moto peke yake, ni lori ya Salgaa, tu ni ndogo.

Ya pili ni kufunga mota. Mota ikizungushwa bila stima inageuka jenereta. Ukiunganisha waya zake mbili pamoja, ile stima inajitengenezea inapigana na mzunguko. Kwa L298N unaacha Enable ikiwa on, halafu unaweka zile pini mbili za mwelekeo ziwe sawa. Inashika fiti sana ukiwa na mwendo, lakini mwendo ukipungua nguvu inapungua pia. Kwa hivo haiwezi kushikilia ndai imesimama kwa mlima.

Ya tatu ni kurudisha mota nyuma ghafla. Inasimamisha vizuri, lakini inavuta stima mingi mbaya na inaweza kuchoma draiva. Na programu ikikosea wakati, ndai inaanza kurudi nyuma. Sasa umegonga mtu mwingine.

Ya nne ni breki yenyewe ya kushika gurudumu, kama ya baiskeli, ikivutwa na mota ndogo ya servo. Hii inashika hata kwa mlima. Shida ni moja: servo inataka stima ndio ivute.

Cheki hapo vizuri. Njia ya pili kwa L298N, ya tatu na ya nne, zote zinahitaji betri iko sawa, waya haijachomoka na programu haijaganda. Yaani breki yako inafanya kazi tu kama kila kitu kingine kiko poa. Lakini breki unaihitaji zaidi siku vitu haviko poa.

Usidhani hii ni shida ya watoi wa chuo pekee. Machi 18, 2018, gari ya Uber ya majaribio ya kujiendesha iligonga mwanamke akivuka barabara usiku huko Tempe, Arizona, akafa. Wachunguzi wa Marekani walipata sensa zilimwona karibu sekunde 6 kabla. Ile breki ya dharura Volvo ilikuja nayo kutoka kiwandani ilikuwa imezimwa wakati kompyuta ya Uber inaendesha. Macho yalikuwepo. Wa kushika breki ndio hakuwepo.

Dawa ya hii kitu ni ya zamani sana. Mwaka wa 1872 George Westinghouse alikuja na breki ya treni ambapo upepo ndio unazuia breki isishike. Paipu ikipasuka, upepo unaisha, breki zinashika zenyewe. Lori kubwa leo ziko na kitu ya aina hiyo: spring nzito inataka kushika gurudumu kila saa, na upepo unaizuia. Upepo ukiisha, spring inashinda.

Fanyeni hivo hivo. Sakeni rilei ya miguu mitano. Waya moja ya mota iingie mguu wa kati. Mguu unaoguswa rilei ikiwa na stima uende kwa draiva. Mguu unaoguswa rilei ikikosa stima urudi kwa waya ya pili ya mota. Betri ikichomoka, rilei inaanguka, mota inajifunga yenyewe. Hakuna programu imeulizwa. Kama mtatembeza kwa mteremko, ongezeni breki ya spring inayozuiwa na stima, juu rilei pekee haishikilii mlima.

Kisha mpatie moyo. Laptopu itume ujumbe kila milisekunde 100. Zikipita 300 bila ujumbe, rilei iachiliwe. Ndani ya chip ya Arduino Uno kuna kipima saa cha ulinzi, watchdog, kinachoiwasha upya programu ikiganda. Kinaenda mpaka sekunde 8. Msikiache hapo. Kwa mwendo wenu sekunde 8 ni mita 24, umetoka kwa geti uko kwa barabara na maboda. Kiko na robo sekunde pia, chukueni hiyo.

Kujaribu, chora laini na chaki, weka boksi la katoni badala ya mtu, shika tepu. Kila njia mara kumi: simiti kavu, simiti imemwagiwa maji, betri imejaa, betri inakaribia kuisha, mteremko. Andika zote. Halafu usichukue wastani, chukua ile mbaya kabisa, juu mtoi hagongwi na wastani.

Na kama unaona ni vitu vidogo, kumbuka Juni 30, 2023, Londiani Junction. Lori moja halikusimama pale lilifaa kusimama, na zaidi ya watu 50 wakafa kando ya barabara, wengine wakiwa tu wanauza vitu na kungoja gari. Wanaounda lori za kesho za kujiendesha ndio hawa wako kwa keja sai wakichoma waya.

Kwa hivo mtihani wa mwisho ni huu. Peleka ndai mwendo wote kuelekea boksi, na ikiwa katikati, chomoa waya ya betri. Ikisimama kabla ya laini, itoe nje ya geti wasee waione. Ikigonga boksi, irudishe ndani, funga mlango, na ujaribu tena.